Tofali Moja kwa Mti Mdogo

Hakimu alinipa saa arobaini.
Chagua, akasema: kuokota taka barabarani
au kuzamisha miti ziwani.
Nilicheka. Nani huzamisha mti?

Januari, Ziwa Tamarock, jimbo la Missouri.
Maegesho yamejaa miti ya Krismasi,
mia sita na kitu, imelala ubavu
kama wageni waliolewa, mwenye sherehe amewasahau.
Juzi ilivikwa taa. Leo hata mbwa
anaipita bila kuinua mguu.

Kazi ya kwanza ni kuivua.
Nyuzi za fedha, vikulabu, theluji ya plastiki:
kila king'aacho lazima kitoke,
maana samaki, asema Marlys Dunkelberg, ni kama sisi,
humeza kwanza, huuliza baadaye.
Anasema hivyo kamba ikiwa katikati ya meno,
mhasibu mstaafu, glavu mbili zisizofanana,
akihesabu miti kwa Kijerumani cha bibi yake
ili asipotee.

Tunatoboa shina, tunapitisha kamba,
tofali moja la saruji kwa mti mdogo, mawili kwa mkubwa.
Fundo langu la kwanza lilifunguka lenyewe.
La pili nililifunga kama ninavyofunga viatu.
Verlon akalitazama kwa muda mrefu,
akalikata kwa kisu, hakusema neno,
akanifundisha tena. Na tena.
Utomvu ulining'ang'ania vidole hadi Jumapili,
kila nilichogusa kikanukia sikukuu:
usukani, mkate, karatasi za mahakama.

Verlon Stukey ana miaka themanini na mmoja.
Ndiye anayeelekeza pantoni.
Tavish, kijana wa sekondari, ana chombo cha kupima kina,
kinalia, kinaonyesha namba.
Verlon hatazami namba.
"Kushoto kidogo. Bado. Hapa palikuwa na lango."

Nikadhani nimesikia vibaya.

Hapa, chini ya mita saba za maji ya rangi ya chai,
palikuwa na bustani ya matufaha ya mama yake.
Bwawa lilipojengwa serikali ililipa kwa hundi;
mama akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia,
hakuipeleka benki kamwe.
Maji hayakuja kama mafuriko, asema.
Yalikuja kama jamaa
aliyesema atakaa siku mbili.
Mitufaha ikasimama majini miaka na miaka,
samaki wakazaliana matawini,
kisha ikaoza, tawi kwa tawi,
sakafu ya ziwa ikabaki kama uwanja uliofagiliwa,
na kifaranga wa samaki hana pa kujibanza
mkubwa akija kinywa wazi.

"Sukuma," asema.
Tunasukuma.
Mti haupendi kuzama. Unaelea kwanza,
unageuka, unatuonyesha tumbo,
kisha tofali linaukumbusha
na unashuka umesimama,
kijani, kijani hafifu, wazo tu la kijani,
mapovu.

Nimeona watu wakipanda miti kwa koleo.
Sijawahi kuona mtu akilipanda upya shamba la mama yake
kwa kamba, kwa baridi, kwa miti ya majirani,
hatua nne baina ya mti na mti,
kama ilivyokuwa.

Mti wa mwisho siku hiyo ulikuwa na nyota ya udongo,
imeandikwa kwa kidole cha mtoto: BABA.
Marlys akaitia mfukoni.
Haing'ai, nikamwambia.
"Hata hivyo," akasema.

Saa zangu arobaini ziliisha Alhamisi.
Karani akapiga muhuri, akanitakia mwaka mwema.
Jumamosi, giza halijatoka,
nilikuwa pale maegeshoni na glavu zangu mwenyewe,
nimenunua, risiti ingali mfukoni.
Verlon hakuuliza kitu.
Alinirushia kamba.
Nikafunga.
Akainama, akalitazama fundo kwa muda mrefu.

Kisu hakukitoa.